Sekunde Kumi na Moja za Bwana Funguo

Jumanne ile haikuwa na lolote. Shangazi yetu alifagia uwanja, akaanua nguo, akanywa chai amesimama dirishani, kisha akakaa kumsubiri fundi. Fundi mwenyewe ni yule ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, kwa sababu zinazojieleza. Alikuwa ameahidi kuja Jumamosi.

Ninayasimulia haya kama alivyoyaandika mwenyewe, maana shangazi huyu, dada mkubwa wa baba zetu, aliandika kila kitu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, mguu kwenye pedali ya kusimamisha kanda, akipiga chapa mikutano ya wakubwa waliokohoa zaidi ya kusema. Bosi wake wa kwanza alimpa sheria moja: andika unachosikia, usiandike unachodhani. Neno lisiposikika, unafungua mabano, unaandika "haisikiki", na unahesabu sekunde. Haisikiki, sekunde mbili. Haisikiki, sekunde tano. Alistaafu bila kuacha mabano yoyote yasiyo na hesabu, na jambo hilo alijivunia kuliko saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Alitembea na funguo kiunoni, ukimsikia kabla ya kumwona, ndiyo maana watu wakamwita Bwana Funguo. Yeye naye alimwita mkewe Karani, na kila alipolitamka neno hilo lilitanguliwa na mkwaruzo mdogo wa pumzi, hh, kwa sababu ya vumbi la ghala lililomkaa kifuani. Mungu hakuwajalia watoto. Wakajaliana wenyewe.

Kifua kile ndicho kilichomlaza. Miezi saba ya mwisho Bwana Funguo alishinda peke yake kwenye chumba cha nyuma, mkewe akiondoka saa moja asubuhi na kurudi jioni. Kila aliporudi alikuta redio ndogo imewashwa katikati ya stesheni na stesheni, inakaanga tu, shhhhh, nyumba nzima. Sasa mtu aliyeshinda akigombana na kelele za kanda hataki kufika kwake akute nyingine. Alikuwa akiizima kabla ya kuvua viatu.

"Bwana Funguo, ni mchezo gani huu wa kukaanga hewa?"

"Iache, Karani. Mchana nyumba hii ikinyamaza, hainyamazi vizuri."

Shangazi alicheka. Alidhani ni dawa zinasema.

Bwana Funguo alifariki siku ya kazi, mchana, mkewe akiwa ofisini. Shangazi aliporudi jioni ile alishangaa kukuta nyumba imetulia. Redio ilikuwa imewashwa, lakini betri zilikuwa zimekwisha.

Wiki chache baadaye, ndani ya kopo la funguo, alikuta kaseti. Juu yake kulikuwa na neno moja kwa kalamu: Karani. Aliisikiliza kwenye kinasa sauti kidogo cha marehemu na kuipiga chapa siku hiyo hiyo, maana hakujua njia nyingine ya kusikiliza. Redio inakaanga. Bwana Funguo anakohoa. Anasema ufunguo wa pili wa geti uko kwenye kopo la kahawa. Anasema tangi la maji lina ufa upande wa ukuta. Anasema kila akisikia geti linafunguliwa jioni huwa anapona kidogo. Halafu kitufe kinabonyezwa, redio inazimwa. Mtu ananong'ona, midomo karibu kabisa na maiki. Kitufe tena, redio inawashwa, na kanda inaisha.

Shangazi aliandika: (haisikiki, sekunde kumi na moja).

Miaka sita karatasi ile ilikaa kwenye droo. Alipokuwa kazini aliivumilia. Alipostaafu, nyumba ikambakia yeye na saa ya ukutani, zile sekunde kumi na moja zikaanza kumuuma kama jino. Watoto wa wadogo zake, yaani sisi, tulikuwa tukimwambia "wiki ijayo, shangazi," na wiki zetu zilikuwa ndefu. Yeye akajishawishi kwamba mumewe, mwanamume wa kuzungumzia tangi na geti, mle ndani ya mnong'ono ndimo alimoweka lile neno ambalo wanaume wa aina yake hulionea aibu. Akalitaka neno lake. Hakutaka kingine duniani.

Kinasa sauti kile kidogo kilikuwa kimekwisha kufa, basi akajikusanyia vyombo vya bei ya chini: deki ya kaseti ya jirani aliyekuwa akihama, amplifaya iliyopoteza mfuniko, na spika mbili zisizolingana, moja ndefu nyembamba na moja fupi nene, kama wachumba waliokutanishwa na shangazi zao. Akaunganisha mwenyewe. Akabonyeza. Ukaja mvumo, mmmmmm, mzito, ukameza mnong'ono wote kuliko hata kile kinasa sauti cha zamani.

Ndipo akamwita Fundi Kesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jumamosi yako imefika leo?"

"Kazi zilinibana, mama yangu." Aliweka begi chini, akainamisha sikio kwenye ile spika nene, akafumba macho. Pamoja na kesho zake zote, masikio alikuwa nayo. "Hii si kelele ya kanda," akasema. "Hii ni kelele ya nyumba."

"Maana yake?"

"Maana yake kanda yako ni safi. Kinachovuma ni umeme wako wa ndani. Tazama, deki imechomekwa huku, amplifaya kule. Wanakula sahani mbili, lazima wagombane. Walishe sahani moja." Akavuta nyaya zilizorundikana nyuma ya meza. "Halafu huu waya wa umeme na huu wa sauti umewalaza kitanda kimoja. Watenganishe. Wakilazimika kukutana, wapishane kama njia panda, kila mmoja aende zake. Zima hizi taa za kubana umeme, zima feni, zima friji, ng'oa chaja. Na ethi yako, ile fimbo ya kupeleka umeme ardhini, imeoza huko nje, nitakuja kupigilia nyingine kesho."

"Kesho ipi?"

Fundi alicheka, akaacha testa yake, bisibisi ya kupimia umeme, juu ya meza kama rehani. Mlangoni akageuka. "Na simu, mama. Simu ndiyo mchawi mkubwa. Usikae nayo chumba kimoja. Ikibidi ifunike na sufuria."

Alasiri hiyo hiyo shangazi alichomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukapungua nusu. Akabonyeza kitufe, mguu ukitafuta pedali ambayo haikuwepo, vidole juu ya mashine ya chapa. Mnong'ono haukusikika bado. Lakini kwa mbali, nyuma yake, kilisikika kitu kingine, na yeye akaandika alichosikia: (kiti kinavutwa sakafuni).

Alirudisha kanda mara nne. Ni kiti. Chumba cha nyuma kilikuwa na kiti kimoja, pembeni mwa mlango. Siku zile za mwisho Bwana Funguo hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa.

Alijiambia labda jirani alipita kumwona mgonjwa. Akaandika hesabu mpya, sekunde tisa, akaenda kupika chakula cha mtu mmoja.

Jumatano alitenganisha nyaya. Zile za umeme akazipitisha kushoto kwa meza, zile za sauti kulia, akazifunga kwa vipande vya kanga kuukuu ili zisirudiane. Akazima taa, feni, friji. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa dirishani, watoto wa mtaa bado wako shuleni. Akabonyeza.

"Hh, Karani..."

Shangazi alilia. Aliandika kwamba alilia, na akaandika kwa sekunde ngapi. Miaka sita hakuna aliyemwita hivyo. Sisi tulimwita shangazi, mtaa ulimwita mama, na jina lile lilizikwa na mwenye kulitamka. Sasa lilikuwa pale, na mkwaruzo wake wa kifua, katikati ya spika ndefu na spika fupi.

"Hh, Karani, ukinisikia hapa..." Kisha mvumo uliobaki ukameza mengine.

Alirudisha kanda mpaka akaogopa itakatika. Alipoizima na kusogeza kiti chake nyuma ili ainuke, kiti kiliburuzika sakafuni. Akasimama. Mburuzo uliendelea kidogo. Haukuzidi nusu sekunde. Ulitoka upande wa chumba cha nyuma, kama mtu aliyekuwa akisogea pamoja naye na kuchelewa kusimama.

Alikwenda kutazama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na dirisha limefungwa. Kiti kilikuwepo, ila si pembeni mwa mlango. Kilikuwa katikati ya chumba, kimeelekea sebuleni.

Mtu mwingine angewasha friji na feni na kwenda kukaa kwa jirani. Shangazi alikuwa na mabano ya sekunde sita mezani, na hakuwahi kutoka ofisini akaacha mabano ambayo yangeweza kujazwa. Akakirudisha kiti mahali pake, akafunga mlango.

Alhamisi asubuhi mtaa ulishuhudia muujiza: Fundi Kesho alifika siku aliyoahidi, au siku moja tu baada yake. Akapigilia fimbo mpya ya ethi nyuma ya nyumba, akavuta waya hadi kwenye ekstensheni, akawasha amplifaya. Akafungua sauti mpaka mwisho.

Hakukuwa na kitu. Taa nyekundu inawaka, spika zimenyamaza, kama kisima kikavu. Wakatazamana.

"Fundi, leo umefanya kazi."

Fundi alikuwa amegeuza shingo, anasikiliza. Akapunguza sauti taratibu mpaka sifuri.

"Mama," akanong'ona, "una mgeni huko nyuma?"

"Mimi? Mgeni wangu ni wewe. Kwa nini?"

"Basi tu." Alikusanya vifaa vyake haraka, akaisahau ile testa. Getini akasema bila kugeuka, "Lakini friji usiiache imezimwa sana, mama. Chakula kitaharibika." Hakusema alichosikia, na mpaka leo ukimuuliza anakwambia ana kazi imembana.

Ikabaki simu.

Hapa lazima niseme ukweli unaotuuma. Simu ilipokuwa karibu na zile spika, kabla haijalia spika zilitangulia kunguruma, ti-ti-ti, ti-ti-ti, zikibashiri kwamba kuna mtu anatafuta. Katika kelele zote za nyumba ile, hiyo moja tu shangazi aliipenda. Aliandika kwamba tangu avifunge vyombo vile ameisikia mara mbili, na zote mbili walikuwa watu waliokosea namba. Ndiyo maana siku mbili nzima hakuitoa simu chumbani. Alhamisi saa kumi kasoro robo aliichukua, akaitazama kidogo, akaipeleka jikoni. Akaiweka ndani ya sufuria. Akafunika.

Akarudi sebuleni, akavuta karatasi mpya. Redio ndogo ya marehemu ilikuwa kabatini, mkono wa kulia, ina betri mpya alizoziweka mwenyewe bila kujua kwa nini. Akabonyeza.

Kopo la kahawa. Tangi. Geti linalofunguliwa jioni. Kitufe.

"Hh, Karani, ukinisikia hapa, nyumba imenyamaza kabisa. Washa redio. Washa sasa hivi. Huyu anayeshinda nami hapa, hh, naye anakusikia."

Kitufe. Redio ya kwenye kanda ikakaanga kidogo. Kanda ikaisha.

Kabla ya kuogopa, shangazi alisikitika. Miaka sita alisubiri neno, akaletewa agizo, kama lile la tangi. Kisha akaelewa kwamba mtu aliyebakiwa na pumzi chache vile, akazitumia kumwambia mkewe washa redio, hana neno zaidi ya hilo. Akafuta macho. Akanyoosha mkono kabatini.

Kitufe cha deki kiliruka, tak. Kimya.

Mkono wake ulikuwa umefika kwenye redio. Aliandika hivyo: kidole kiko juu ya swichi.

Spika zikasema, "Karani."

Deki ilikuwa imesimama. Sauti ilikuwa ya Bwana Funguo, kila kitu chake. Kasoro kimoja. Haikuwa na ile hh. Haikuvuta pumzi.

Shangazi alitoa kidole kwenye swichi. Akarudi kwenye mashine. Akafanya alilolijua maisha yake yote.

Fundi Kesho ndiye aliyeikuta karatasi, Ijumaa, alipofuata testa yake. Geti lilikuwa limerudishwa tu. Friji imezimwa. Taa nyekundu ya amplifaya inawaka. Miwani ya shangazi ilikuwa juu ya meza, imekunjwa vizuri, na ndala zake ziko chini ya kiti. Kulikuwa na viti viwili mezani. Cha pili ni kile cha chumba cha nyuma.

Tulimtafuta hospitali zote na vituo vyote, tukabandika picha yake kwenye nguzo mpaka mvua ikaifuta. Hakuonekana. Polisi waliitazama karatasi, wakasema bibi mzee, upweke, wakaturudishia. Ninayo hapa, nainakili kama ilivyo. Juu kabisa aliandika neno MUME, halafu akalipiga herufi x nne juu yake. Kwa hiyo alijua. Mnielewe hapo: alijua kabisa kwamba siye, na akaendelea.

SAUTI: Karani.

MIMI: Naam.

SAUTI: Uko peke yako?

MIMI: Niko peke yangu.

SAUTI: Wewe ndiye uliyekuwa ukiizima redio jioni.

MIMI: Ndiye mimi. Wewe si yeye.

SAUTI: Mimi nilikaa naye mchana. Nitakaa na wewe. Kuna mtu anakuja leo?

MIMI: Sijui.

SAUTI: Kuna mtu anakutafuta?

MIMI: (kimya, sekunde kumi na moja)

MIMI: Hakuna.

SAUTI: Basi sogea.

Zile sekunde kumi na moja najua alikuwa akisikiliza nini. Alikuwa akisikiliza spika, kama zitanguruma. Ti-ti-ti.

Simu tuliikuta ndani ya sufuria, na chaji ilikuwa bado ipo. Kulikuwa na namba moja iliyopiga bila kupokelewa, Alhamisi, saa kumi na dakika mbili. Ilikuwa ya mmoja wetu, na sitamtaja. Alikuwa hajampigia kwa miezi mitatu, siku hiyo akamkumbuka tu, bila sababu, akiwa amesimama kwenye foleni ya duka. Aliiacha ikalia mpaka ikakatika. Akajisemea atapiga tena wiki ijayo.

Chini ya karatasi kuna mstari mmoja zaidi, baada ya nafasi kubwa. Umepigwa kwa mashine ile ile, wino ule ule, herufi zimebonyezwa nyepesi kama vidole havina uzito. Unasema:

MIMI: (haisikiki)

Hauna sekunde. Tumeutazama kwa miwani na kwenye mwanga wa dirisha. Shangazi yetu hajawahi kuacha mabano bila hesabu, na yeyote aliyeupiga mstari ule hakuhesabu, au hesabu yenyewe haijaisha.

Siku hizi mchana, nikiwa peke yangu nyumbani, huwa nawasha redio katikati ya stesheni na stesheni. Mke wangu akirudi jioni huuliza ni mchezo gani huu, na kuizima kabla ya kuvua viatu. Simu nimeiweka juu ya spika. Sisogei mbali nayo.